Daftari ni Amana: Nani Aruhusiwe Kulifungua?



Miaka michache iliyopita nilifika katika chama kimoja cha msingi cha wakulima wa kahawa kwa kazi yangu ya kawaida ya ukaguzi. Hesabu zilikuwa nzuri. Fedha iliyokuwamo katika kasha ililingana na daftari la fedha, na stakabadhi zilifuatana kwa namba bila pengo. Jioni, nilipokuwa nikifunga mkoba wangu, mzee mmoja mwanachama alinijia. Nilimwamkia, akaitikia, kisha akaniuliza swali ambalo sikulitarajia: "Bwana Mkaguzi, nani aliyemwambia mnunuzi wa butura kwamba mimi nadaiwa na chama?"

Kwa wasomaji wa mikoa isiyolima kahawa, nieleze kwamba butura ni biashara ya kununua kahawa ikingali mtini, pengine ikiwa maua tu, kwa bei ya chini mno, kutoka kwa mkulima aliyebanwa na shida. Jambo la kwanza analotafuta mnunuzi wa namna hiyo ni kujua shida imelala nyumba ipi. Yule mzee alinieleza kwamba mtu huyo alimfikia katika juma la kulipa mahitaji ya shule ya wajukuu, akamtajia deni lake la pembejeo hadi shilingi ya mwisho, akamwambia kuwa chama kitakata fedha yote ya msimu, hivyo ni heri auze mapema. Mzee aliuza.

Nilifuatilia jambo hilo hadi nikaliona chanzo chake. Njia ilikuwa fupi, na mwanzo wake ulikuwa mimi. Majuma mawili kabla ya ukaguzi nilimpigia simu Katibu nikamwomba anitayarishie orodha ya madeni. Sikumweleza ni orodha ya namna gani. Katibu, kwa nia njema kabisa, alinakili daftari zima katika flashi: majina, namba za vitambulisho, namba za simu, idadi ya miche, hisa na madeni. Mashine ya kuchapia ya chama ilikuwa mbovu, hivyo kijana akatumwa kwenye duka la fotokopi. Karatasi zikachapwa, flashi ikarudi, lakini nakala ilibaki ndani ya kompyuta ya dukani. Ni nani hasa aliyeitoa humo, haikujulikana. Wakati wote huo daftari lenyewe lilikuwa kabatini, limefungwa kwa kufuli, na ufunguo uko mfukoni mwa Katibu.

Habari hiyo ndiyo iliyonifanya niandike makala haya. Katika nchi nyingi siku hizi raia wanaziuliza serikali zao swali lilelile la yule mzee: nani ameonyeshwa habari zangu, na kwa idhini ya nani? Nitaeleza mambo matatu yaliyotokea Uingereza na Marekani, ambayo yalichunguzwa na kujadiliwa hadharani. Nimeyachagua kwa sababu kila moja linaonyesha mlango wake ambao mtu wa nje anaweza kupitia ili afike kwenye kumbukumbu za watu. Baada ya hapo nitaeleza jinsi milango hiyo mitatu ilivyo wazi pia katika ofisi za vyama vyetu.

MLANGO WA KWANZA: UZEMBE

Nchini Uingereza serikali hulipa posho ya watoto kwa familia. Mwaka 2007 posho hiyo ilikuwa ikisimamiwa na Idara ya Mapato na Forodha, na karibu kila familia yenye mtoto wa chini ya miaka 16 ilikuwa imeandikwa katika daftari la idara hiyo. Ofisi moja ya kazi hiyo ilikuwa katika mji uitwao Washington, ulioko kaskazini mashariki ya Uingereza, ambao si ule mji mkuu wa Marekani.

Ofisi ya Taifa ya Ukaguzi wa Hesabu, iliyoko London, ilihitaji sehemu ya kumbukumbu hizo ili ipime kama malipo yalifanyika sawasawa. Wakaguzi walikuwa wameomba kwamba habari zisizohitajika, kama vile za akaunti za benki, ziondolewe kwanza. Idara ikaona kwamba kuziondoa kungeongeza gharama, kwa kuwa kazi hiyo ingepaswa kulipiwa kwa kampuni iliyotunza mitambo yake. Ikawa rahisi zaidi kutoa daftari lote kama lilivyo.

Tarehe 18 Oktoba 2007 mtumishi mmoja wa ngazi ya chini alitia daftari hilo katika diski mbili, akaziweka katika bahasha, akazituma London kwa njia ya vifurushi vya kawaida, bila kuandikishwa wala kusainiwa na mpokeaji. Diski zilikuwa na neno la siri tu. Habari zilizokuwamo hazikugeuzwa kuwa maandishi ya fumbo ambayo mtu asiye na ufunguo wake hawezi kuyasoma. Bahasha haikufika. Wakaguzi waliposema hawajapokea kitu, nakala nyingine ilitumwa, mara hii kwa njia ya kuandikishwa, nayo ikafika. Zile za kwanza hazikuonekana.

Ndani ya diski hizo mlikuwa na habari za watu milioni 25 wa familia zipatazo milioni 7.25: majina ya wazazi na watoto, anwani, tarehe za kuzaliwa, namba za bima ya taifa, na kwa wengi hata namba za akaunti za benki. Wakuu wa idara walipata habari tarehe 8 Novemba, yaani majuma matatu baada ya bahasha kutumwa. Tarehe 20 Novemba Waziri wa Fedha, Alistair Darling, alisimama Bungeni kuwaeleza wananchi, na siku hiyohiyo mwenyekiti wa idara, Paul Gray, akajiuzulu.

Uchunguzi uliofanywa na Kieran Poynter, ambao ripoti yake ilitolewa Juni 2008, ulionyesha kwamba hasara ile ingeweza kuepukwa kabisa, na kwamba kosa halikuwa la yule mtumishi mdogo peke yake. Utaratibu mzima wa idara ulikuwa na kasoro. Haikuwa wazi ni nani mwenye mamlaka ya kutoa habari nje, watumishi hawakuwa wamefundishwa vya kutosha, na usalama wa habari haukuwa umefanywa kuwa wajibu wa mtu maalumu.

Nawaomba makatibu waangalie jambo moja katika kisa hiki. Hakuna mwizi aliyevunja mlango. Mkaguzi halali aliomba habari kwa kazi halali, akapewa kuliko alivyohitaji, kwa njia isiyokuwa salama, kwa sababu kuchambua kulionekana ni usumbufu. Niliposoma habari hiyo nilimkumbuka yule Katibu wetu na flashi yake, na nikajikumbuka mimi mwenyewe na simu niliyopiga.

MLANGO WA PILI: MWIZI

Kisa cha pili ni cha Marekani. Huko kuna ofisi ya serikali kuu inayosimamia utumishi wa umma. Mtu akitaka kazi inayohusu siri za serikali hujaza fomu ndefu, yenye kurasa zaidi ya 100, akieleza alikoishi, ndugu zake, majirani na rafiki wanaomfahamu, madeni yake, kama amewahi kutumia dawa za kulevya, na hata matibabu ya akili aliyopata. Fomu hizo hutunzwa ili serikali ipime kama mtu huyo anaaminika.

Juni 2015 serikali ya Marekani ilitangaza kwamba wadukuzi walikuwa wameingia katika kompyuta za ofisi hiyo. Kwanza zilitajwa kumbukumbu za watumishi wapatao milioni 4.2, waliokuwapo kazini na waliokwisha kuondoka. Julai ikajulikana kwamba habari za uchunguzi wa watu milioni 21.5 zimechukuliwa pia. Kati ya hao, milioni 1.8 hawakuwa hata waombaji wa kazi. Wengi wao walikuwa wake na waume waliotajwa tu katika fomu za wenzao. Baadaye ikaelezwa kwamba alama za vidole za watu milioni 5.6 zilikuwa miongoni mwa vilivyochukuliwa. Maafisa wa Marekani waliinyoshea China kidole, nayo China ikakana.

Wezi hao waliingiaje? Walitumia jina na neno la siri vilivyokuwa vya kampuni iliyofanya kazi kwa mkataba na ofisi hiyo. Mitambo ile haikumtaka kila anayeingia atoe uthibitisho wa pili, kwa hiyo aliyepata neno la siri alipokewa kama mwenyeji. Tena ofisi hiyo ilikuwa na mkaguzi wake wa ndani, ambaye alikuwa ameonya mara kwa mara juu ya udhaifu huo. Katika ripoti yake ya Novemba 2014 alishauri hata baadhi ya mitambo ifungwe mpaka itakapothibitishwa kuwa salama. Ushauri haukufuatwa kwa wakati. Mkurugenzi wa ofisi, Katherine Archuleta, alijiuzulu Julai 2015.

Wapo watakaosema: "Mimi sina siri, atakayeziona habari zangu atafaidi nini?" Watu hao wafikirie alama za vidole. Ukipoteza ufunguo wa nyumba utabadilisha kitasa. Ukiibiwa neno la siri utaweka jingine. Dole gumba lako ni lilelile mpaka kaburini, na kama umelitumia kuchukua fedha, kusajili laini ya simu na kupokea pembejeo, basi aliyeipata alama hiyo amepata kitu ambacho huwezi kukibadilisha. Wafikirie pia wale milioni 1.8, ambao hawakuomba kazi wala kujaza fomu, wakajikuta wameingia hasarani kwa kuandikwa na wenzao. Katika vyama vyetu watu wa namna hiyo wapo. Ni wadhamini wa mikopo, warithi waliotajwa, na wenzi wa ndoa.

MLANGO WA TATU: BARUA YA MKUBWA

Kisa cha tatu ndicho kilichozua mjadala mkubwa kuliko vyote, nacho ni tofauti, kwa kuwa walioingia hawakujificha. Tarehe 20 Januari 2025, siku aliyoapishwa, Rais Donald Trump wa Marekani alitia saini amri ya kuunda timu iliyoitwa Idara ya Ufanisi wa Serikali, ijulikanayo kwa kifupi DOGE. Tajiri Elon Musk alikuwa kiongozi wake mashuhuri mpaka alipoondoka mwishoni mwa Mei mwaka huo. Kazi iliyotangazwa ilikuwa kupunguza matumizi ya ovyo na kukomesha udanganyifu katika malipo ya serikali.

Ili kufanya kazi hiyo, watu wa timu, ambao wengi walikuwa wageni kabisa katika utumishi wa serikali, walitaka kufunguliwa kumbukumbu za idara mbalimbali. Mbili ndizo zilizozungumzwa zaidi. Ya kwanza ni mitambo ya malipo ya Hazina, inayopitisha zaidi ya dola trilioni 5 kwa mwaka, na ambamo mna namba za akaunti za wananchi wanaolipwa pensheni, marejesho ya kodi na mafao mengine. Ya pili ni Mamlaka ya Hifadhi ya Jamii, yenye kumbukumbu za mishahara ya watu tangu walipoanza kazi, na kwa wanaodai mafao ya ulemavu, hata habari za magonjwa yao.

Wananchi wengi walishtuka. Majimbo 19 yalikwenda mahakamani juu ya mitambo ya Hazina, na tarehe 8 Februari 2025 Jaji Paul Engelmayer wa New York alitoa zuio la muda. Vyama vya wafanyakazi na vya wastaafu vilikwenda mahakamani juu ya Hifadhi ya Jamii, na tarehe 20 Machi Jaji Ellen Hollander wa Maryland naye akazuia. Aliona kwamba timu ile ilikuwa ikitafuta udanganyifu kwa shaka tu, na kwamba serikali haikuwa imeeleza kwa nini ilihitaji kuziona kumbukumbu zote za watu wote. Serikali ilikata rufaa, na tarehe 6 Juni 2025 Mahakama ya Juu iliiruhusu timu hiyo kuendelea kuzifikia kumbukumbu wakati kesi ikiendelea. Majaji watatu hawakukubaliana na wenzao. Agosti mwaka huohuo, afisa mmoja mwandamizi wa kumbukumbu wa Mamlaka hiyo, Charles Borges, alitoa malalamiko rasmi akidai kwamba nakala ya daftari la zaidi ya watu milioni 300 iliwekwa mahali pasipokuwa na uangalizi wa kutosha. Mamlaka ilijibu kuwa habari ziko salama.

Sisi si waamuzi wa siasa za Marekani. Waliounga mkono timu ile walisema kwamba serikali iliyochaguliwa ina haki ya kukagua malipo yake yenyewe, na kwamba mtu hawezi kukamata udanganyifu bila kufungua vitabu. Mimi ni mkaguzi, na maneno hayo nayafahamu vizuri. Lakini sheria ya faragha ya Marekani ya mwaka 1974, iliyotungwa baada ya kashfa ya Watergate, inaweka jambo ambalo kila mkaguzi anapaswa kulishika. Mtumishi wa idara huruhusiwa kuona kumbukumbu ya raia pale tu anapoihitaji kwa kutimiza kazi yake. Kuwa na cheo ni jambo moja. Kuwa na haja ya kuiona karatasi fulani ni jambo la pili. Barua ya mkubwa huthibitisha la kwanza, nayo pekee haitoshi kuthibitisha la pili.

Kwa maoni yangu, huu ndio mlango mgumu kuliko yote kuulinda. Mzembe huonywa na mwizi hufukuzwa. Lakini mtu anayefika na gari, akashuka na barua yenye muhuri, akasema ana haraka, ni Katibu gani atakayemwuliza: "Ndugu, unahitaji ukurasa upi, na kwa kazi gani?"

SHERIA ZETU ZINASEMAJE?

Tanzania haikuachwa nyuma katika jambo hili. Katiba ya mwaka 1977, katika Ibara ya 16, inampa kila mtu haki ya kuheshimiwa na kupata hifadhi kwa nafsi yake, maisha yake binafsi, familia yake, makazi yake na mawasiliano yake ya binafsi. Ili haki hiyo iwe na nguvu katika kazi za kila siku, Bunge lilitunga Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi, Namba 11 ya mwaka 2022, ambayo ilianza kutumika tarehe 1 Mei 2023. Sheria hiyo iliunda Tume ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi, na inawataka wanaokusanya na kuchakata taarifa za watu wajisajili kwa Tume hiyo.

Misingi yake si migumu kwa mwanaushirika kuielewa. Taarifa ya mtu ikusanywe kwa sababu inayojulikana. Isikusanywe zaidi ya inavyohitajika. Isitumiwe kwa jambo jingine lisilohusiana na lile iliyokusanyiwa. Iwe sahihi. Isihifadhiwe kupita muda unaohitajika. Ilindwe isipotee wala isionekane na wasiohusika. Naye mwenye taarifa ana haki ya kujua kilichoandikwa juu yake na kutaka kisahihishwe kama kina makosa.

Jirani zetu wa Kenya walilipitia jambo hili mahakamani. Serikali yao ilipoanza usajili wa Huduma Namba mwaka 2019, wananchi waliupinga. Januari 2020 Mahakama Kuu iliruhusu usajili uendelee kwa sharti kwamba kwanza ziwepo kanuni za kutosha za kulinda taarifa, na ikakataza kukusanya vinasaba vya watu. Oktoba 2021 mahakama hiyo iliona kwamba kutolewa kwa kadi zenyewe kulikuwa batili, kwa kuwa athari zake kwa taarifa za watu hazikupimwa kwanza kama inavyotakiwa na sheria ya Kenya ya mwaka 2019. Fundisho lake ni kwamba hata serikali yenye nia ya kuhudumia hutakiwa kujenga zizi kabla ya kununua ng'ombe.

YANAYOHUSU VYAMA VYETU

Huenda Katibu akasema kwamba chama chake ni kidogo na hayo ni mambo ya mataifa makubwa. Namwomba afungue kabati lake atazame. Atakuta majina, namba za Kitambulisho cha Taifa, namba za simu na za akaunti, ukubwa wa mashamba, mavuno ya kila msimu, hisa, madeni, wadhamini, warithi, picha na alama za dole gumba. Sehemu ya habari hizo zimetolewa ili zipelekwe serikalini kwa ajili ya usajili wa wakulima na ugawaji wa pembejeo. Kwa hiyo ofisi ya chama ni lango mojawapo la kumbukumbu za taifa, na mara nyingi ndilo lango dhaifu kuliko yote.

Wanaozitaka habari hizo ni wengi. Yupo mnunuzi wa butura, au wa kangomba huko kwenye korosho. Yupo mkopeshaji mwenye riba kubwa. Yupo tapeli wa simu, ambaye akijua jina lako, chama chako na kiasi unachongoja kulipwa, utadhani anapiga simu kutoka benki. Yupo mgombea anayetaka namba za simu za wanachama wakati wa uchaguzi. Yupo hata ndugu anayetaka kujua mzee ameacha hisa ngapi kabla mzee hajafa.

Kwa ajili hiyo nashauri utaratibu ufuatao, ambao hauhitaji fedha nyingi:

1. Kila anayeomba kuona au kupewa kumbukumbu za wanachama aombe kwa maandishi, akitaja yeye ni nani, ametumwa na nani, anahitaji habari zipi, kwa kazi gani, na atazirudisha au kuziteketeza lini. Mkaguzi na Afisa Ushirika wasisamehewe sharti hili.

2. Itolewe ile iliyoombwa tu. Jumla ikitosha, isitolewe orodha. Namba ya uanachama ikitosha, lisitolewe jina. Kuchambua ni kazi, lakini nyumba nyingi za Uingereza zilipata hofu kwa sababu kazi hiyo ilikwepwa.

3. Kuwe na daftari dogo la kuandika kila kumbukumbu iliyotolewa: tarehe, aliyeomba, kilichotolewa, saini yake na saini ya Katibu. Daftari hili lisomwe mbele ya Bodi kila inapokutana. Kama kungekuwa na daftari la namna hiyo katika kile chama nilichokitaja, jibu la yule mzee lingepatikana kwa nusu saa.

4. Orodha za wanachama zisipelekwe kwenye maduka ya fotokopi, wala zisitumwe katika makundi ya simu. Ikilazimu kuchapa nje, Katibu aende mwenyewe, asimame hapo, na ahakikishe nakala imefutwa kabla ya kuondoka.

5. Neno la siri la kompyuta ya chama ni la mtu mmoja mmoja. Lisibandikwe ukutani, na karani akiacha kazi libadilishwe siku hiyohiyo.

6. Karatasi kuukuu zenye majina na hesabu za watu zichomwe moto, baada ya kupita muda wa kuzitunza na kwa kibali cha Bodi. Nimewahi kununua karanga njiani nikakuta zimefungwa katika ukurasa wa leja ya chama.

7. Habari zikipotea, wanachama waambiwe mapema. Ukweli ukisemwa leo, mwanachama anaweza kujihadhari na mnunuzi na tapeli. Ukisemwa baada ya miezi miwili, atakuwa amekwisha kuuza.

Hapa nitoe onyo. Mambo haya yasigeuzwe kuwa ngao ya kuficha ubadhirifu. Ushirika husimama juu ya uwazi. Mapato na matumizi ya chama, bei iliyouziwa mazao, makato, posho za viongozi na jumla ya madeni ni mali ya wanachama wote, na Katibu anayekataa kuyasoma mkutanoni kwa kisingizio cha faragha anavunja wajibu wake. Vilevile hakuna chama kinachoweza kumfungia mlango mkaguzi, polisi mwenye kibali, au amri ya mahakama. Tofauti ni hii: hesabu ya chama ni ya wote, hesabu ya mtu ni yake.

Nanyi wanachama mnao wajibu. Ulizeni kila fomu inayoletwa: hii ni ya nini, itakwenda wapi? Msitie dole gumba katika karatasi isiyojazwa. Na mkisikia mgeni anataja deni lenu, msinyamaze kwa aibu. Leteni habari kwenye chama siku ileile, kwa maana huenda ninyi ndio wa kwanza kujua kwamba kuna nakala imetoka.

Yule mzee sikuweza kumrudishia kahawa yake. Mauzo yalikuwa yamekwisha. Nilirudi kwake baada ya uchunguzi, nikamweleza njia yote tangu simu yangu mpaka kompyuta ya dukani, nikakiri kwamba kosa lilianzia kwangu. Alinyamaza kidogo, kisha akasema: "Basi mwanangu, waambie na wenzako." Ndivyo nilivyofanya leo. Namwomba kila Katibu aliweke jambo hili katika ajenda ya kikao kijacho cha Bodi, na aje na daftari lile dogo likiwa limekwisha kupigwa mistari.